Kanzu nyeupe, kiti chekundu

Ijumaa, baada ya sala, barazani Langoni, mjini Lamu. Mzee mmoja anainuka, anaaga, anachukua bakora yake, na waliobaki wanatazamana. Mgongoni mwa kanzu yake mna michirizi mitatu myekundu, sawasawa na mbao tatu za egemeo alilokuwa ameliegemea.

"Ami, hebu rudi," mmoja anamwita. Kisha anamgeukia seremala aliyekaa pembeni: "Fundi, kiti chako chatoa damu."

Watu wakacheka. Kanzu ikaenda kufuliwa na haikutakata.

Lakini lililobaki kusumbua si kanzu. Kiti kile kilikuwa kimepigwa vanishi, tena vanishi ya kung'aa hadi unajiona uso. Si kiti kilichoachwa kikavu. Na vanishi si ndiyo ngozi? Basi rangi ilipitaje kwenye ngozi?

Wiki kadhaa sasa swali hili halitaki kuondoka. Majibu ya haraka ni mawili, na yote yalitolewa palepale barazani: rangi mbovu, au vanishi mbovu. Ukiyafuata hadi mwisho, hakuna hata moja linalotosha.

Kama sukari chini ya kikombe

Tunaita kila kitu "rangi", na shida huanzia hapo. Rangi ya mbao ya kopo, ile inayotulia tope chini hadi uikoroge kwa kijiti, ni chembechembe zisizoyeyuka zilizoshikwa na gundi. Ikikauka imekauka. Rangi ya unga ni kitu kingine. Huyeyuka kabisa na kuingia ndani ya nyuzi za mbao bila kuzifunika. Ndiyo maana mwembe mweupe ukitiwa rangi ya unga huonyesha mawimbi yake yote, na ndiyo maana mafundi wa nakshi huipenda: haizibi mikato ya patasi.

Ila sukari iliyokauka chini ya kikombe ukiimwagia chai, huyeyuka tena.

Rangi ya unga haigandi. Maji yameondoka tu, na yakirudi nayo huamka.

Sasa fikiria brashi ya vanishi. Vanishi nayo, kabla haijawa ngozi, ni maji ya aina yake. Shelaki, ile polishi itokanayo na utomvu wa wadudu wa India, huyeyushwa kwa spiriti. Laka ya nitroselulosi huyeyushwa kwa thina. Vanishi ya mafuta, pamoja na ile ya jahazi na poliurethani ya kawaida, hupunguzwa kwa tapentaini. Halafu kuna hizi poliurethani mpya za maji, ambazo brashi yake huoshwa bombani.

Kanuni ya karakana ni fupi: usipige juu ya rangi vanishi inayoyeyushwa na kitu kile kile kilichoyeyusha rangi. Rangi ya maji, juu yake shelaki au vanishi ya mafuta. Rangi ya spiriti, juu yake vanishi ya mafuta. Ukivunja kanuni hii, brashi haipaki tena, inafua. Rangi hukusanyika kwenye pembe, huacha mapito mepesi katikati, na brashi hurudi koponi ikiwa imebeba uwekundu.

Kanuni iliyofuatwa, na bado

Hapa ndipo penye kero. Kiti kile kilitiwa rangi ya mikeka, unga ule ule unaochemshiwa miyaa. Ulikorogwa kwa maji. Juu yake ikapigwa shelaki, mikono miwili, yaani ikapakwa mara mbili, kisha laka mkono mmoja. Chini maji, juu spiriti. Kwa kanuni, fundi hakukosea.

Isipokuwa unga wa mikeka haukutengenezewa mbao, na kijikaratasi unachofungiwa hakikuambii ni wa kundi gani. Baadhi ya unga hizi, hasa zile nyekundu na zambarau za kuwaka, huyeyuka kwenye maji na kwenye spiriti pia. Kuukoroga kwa maji hakuugeuzi kuwa rangi ya maji peke yake.

Kwa hiyo shelaki ilipopita, iliyeyusha rangi na kuichukua ndani yake. Laka ilipopita juu ya shelaki, thina ikalainisha shelaki na kuivuta rangi hatua nyingine juu. Kila mkono ulipandisha wekundu kidogo.

Rangi haikutoka nje ya ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa nyekundu.

Ongeza mgongo wa mtu, joto la adhuhuri, jasho lenye chumvi, na nusu saa ya kuegemea. Kanzu ya pamba hunyonya kama utambi.

Vitambaa vitatu

Kuna jaribio ambalo lingeokoa kanzu ile. Halihitaji chochote ambacho hakipo karakana.

Chukua kipande cha ubao ule ule utakaoutumia, si mbao nyingine yoyote iliyo karibu. Kipige msasa kama kazi yenyewe, kitie rangi, kiache usiku mzima. Kesho yake chukua vitambaa vitatu vyeupe vya pamba. Kimoja kiloweshe maji yenye chumvi kidogo, cha pili spiriti, cha tatu tapentaini. Kila kimoja kikandamize mahali pake kwa dakika kumi, kisha sugua mara tano kwa kidole.

Kitambaa kitakachobaki cheupe ndicho kinachokuchagulia vanishi.

Tapentaini ikitoka safi na spiriti ikitoka nyekundu, usiguse shelaki; nenda moja kwa moja kwenye vanishi ya mafuta. Maji yakitoka nyekundu na spiriti safi, shelaki ni nzuri sana kama mkono wa kuziba. Vyote vitatu vikitoka vyekundu, basi brashi haifai kabisa kwa mkono wa kwanza na itabidi upulize. Nitalifikia hilo.

Anayetumia laka afanye na kitambaa cha nne, cha thina. Thina ni mchanganyiko wa viyeyusho vikali, na rangi inayokataa spiriti yaweza kuikubali thina.

Jaribio hili lina faida nyingine ambayo watu hawaitegemei. Rangi ya unga ikikauka hufifia, huwa kama vumbi la tofali, na mwenye kazi hushtuka na kuongeza mkono mwingine wa rangi. Kisha mwingine. Vanishi ikipita, kiti kinakuwa cheusi. Ukipangusa kipande kilichokauka kwa tapentaini utaiona rangi kama itakavyokuwa chini ya vanishi, kwa dakika mbili tatu kabla haijapotea. Hiyo ndiyo rangi yako. Ile kavu ni ya uongo.

Kilichobaki juu

Kwa siku kadhaa jibu la unga wa mikeka lilitosha. Kisha kikapatikana kipande cha mguu kilichokatwa kiti kilipokuwa kinapunguzwa urefu, na kucha ya kidole gumba ikainua vanishi kama ganda la kitunguu. Upande wa chini wa ganda lile ulikuwa na unga mkavu.

Hili ni kosa la pili, na kwa maoni yangu ndilo la kawaida zaidi. Mbao hunywa kiasi chake. Ikishiba, rangi inayozidi hubaki juu na kukauka kama utandu. Vanishi ikipigwa hapo haishiki mbao, inashika vumbi.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 30 za unga kwa lita moja ya maji ya moto. Ukitaka wekundu mwepesi, gramu 15. Tumia chombo cha plastiki au kioo. Bati lenye kutu huchafua rangi, na mbao yenye ukali kama ule wa magome ya mkoko, ule wa kutia ngozi za wanyama dawa, hugeuka nyeusi ikikutana na chuma. Chuja kwa kitambaa laini, kwa sababu punje moja isiyoyeyuka huacha doa kama la popoo. Na maji yawe ya mvua ukiyapata. Visima vyetu vingi vina magadi na chumvi, na chumvi ikibaki kwenye mbao huvuta unyevu chini ya vanishi mwaka mzima.

Paka kwa wingi, hadi mbao ing'ae kwa maji. Subiri dakika tatu. Kisha pangusa yote kwa kitambaa kikavu, bila huruma. Ikikauka, pangusa tena kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana. Kitatoka na rangi. Badilisha upande, endelea hadi kitoke karibu cheupe. Watu huona wanapoteza rangi. Wanachopoteza ni kile ambacho kingeishia kwenye kanzu ya mtu.

Na rangi ikionekana hafifu? Ongeza unga kwenye maji, usiongeze mikono ya rangi.

Msasa, na kichwa cha ubao

Hapa nitapita haraka, maana kila seremala ana mkono wake. Namba 120, kisha 150, malizia 180. Lowesha mbao kwa maji matupu, iache ikauke, vinyweleo vitainuka. Vikate kwa 220 kwa mkono mwepesi ndipo utie rangi. Usipofanya hivyo, rangi ya maji itaviinua yenyewe, na utalazimika kuvipiga msasa rangi ikiwa tayari ipo.

Kwenye nakshi kuna tabu ya pekee. Kila mkato wa patasi unafungua kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, na kichwa hunywa zaidi sana kuliko ubavu. Ua la nakshi likitiwa rangi vivi hivi huwa na mipaka meusi upande mmoja na mepesi upande mwingine, kana kwamba limeungua. Dawa yake ni kulowesha mikato kwa maji matupu kwanza, kwa brashi ndogo, kisha kutia rangi mbao ikiwa bado na unyevu. Kichwa kilichokwisha kushiba maji hakina nafasi ya kunywa rangi nyingi.

Mkono wa kwanza

Mimina vanishi kidogo kwenye kikombe. Brashi iliyogusa mbao yenye rangi isirudi kamwe kwenye kopo kubwa. Kopo likishaingia wekundu, kila kazi utakayoifanya nalo, hata dari nyeupe ya mtu, itapata haya.

Kwa vanishi ya mafuta, punguza mkono wa kwanza kwa tapentaini: sehemu nne za vanishi kwa moja ya tapentaini. Jaza brashi vizuri, pita mara moja kufuata nyuzi, na usirudi nyuma. Mazoea ya kusugua brashi mbele na nyuma kama anayepaka chokaa ndiyo yanayofua rangi. Ukiona sehemu imekosa, iache. Mkono wa pili upo.

Kwa shelaki, mkono wa kuziba uwe mwembamba sana: gramu 60 za shelaki kavu kwa lita ya spiriti, si zaidi. Hukauka kabla haijapata muda wa kuamsha chochote. Kama juu yake utapiga poliurethani, shelaki lazima iwe imetolewa nta, maana poliurethani haishiki nta. Isiyotolewa, iache itulie siku kadhaa kwenye chupa ya kioo, mimina taratibu yale maji safi ya juu, na tope la chini usilitumie. Changanya inayotosha miezi michache tu. Iliyokaa muda mrefu huanza kukataa kukauka na kubaki ikinata.

Na rangi iliyoshindwa vitambaa vyote? Hiyo hupulizwa. Mkono wa kwanza wa laka uwe kama umande: bomba mbali kidogo, pita upesi, mbao isionekane imelowa. Acha dakika 20. Umande mwingine. Wa tatu. Rangi ikishafungiwa chini ya vumbi hilo lililokauka, ndipo upulize mkono kamili. Asiye na kompresa anunue kopo la laka la kupulizia lenye kubonyezwa; moja hutosha kiti, na ni rahisi kuliko kanzu.

Kosa linalofuata linauma kuliko yote, kwa kuwa hutokea kazi ikiwa imependeza. Mkono wa kwanza umekauka, uso unakwaruza kidogo, fundi anachukua msasa. Kwenye pembe za miguu, kwenye ncha za nakshi, vanishi ni nyembamba zaidi. Mipito miwili tu, na mbao nyeupe inachungulia kama mfupa. Ukipaka rangi mahali hapo hailingani tena na jirani yake.

Usipige msasa mkono wa kwanza. Piga baada ya wa pili, namba 320, msasa uwe umeviringishwa kwenye kipande cha gongo kwa sehemu bapa, na pembe usiziguse kabisa. Nakshi isugue kwa kipande cha msasa mkuukuu uliokwisha makali. Msasa ukitoa unga mweupe mkavu, vanishi imeiva. Ukitoa vinyuzi vinavyoviringana, weka chini msasa na uende ukanywe kahawa.

Masika hayana haraka

Maagizo ya kopo yanasema saa 24 kati ya mkono na mkono. Aliyeyaandika hakuwa Lamu mwezi wa Mei. Wakati wa masika hesabu saa 48 kwa vanishi ya mafuta. Mvule na msaji ni wazito zaidi: zina mafuta na dawa zao za asili zinazochelewesha vanishi kukauka. Hizo zipanguse kwa thina kabla ya kutia rangi, si baada. Baada utaitoa rangi yote.

Laka nayo ina ugonjwa wake wa masika. Thina huruka upesi mno, inapoondoka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa hutonea humo. Unapata ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Fundi mzoefu huuondoa kwa kupuliza thina tupu juu, laka iyeyuke kidogo na kuutoa unyevu. Kwenye mbao isiyo na rangi ni sawa. Kwenye mbao yenye rangi ya unga, thina hiyo inarudi kule kule chini kuamsha kilicholala. Afadhali uache kazi hadi jua litoke, uanze saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, ufunge saa tisa. Au uongeze kwenye laka thina ya kuchelewesha, kidogo, ili isiruke ghafla.

Jua la kutoka Manda

Swali la mlango wa nje linakuja kila mara, kwa hiyo nalijibu. Vichochoro vyetu ni vyembamba na vina kivuli, lakini nyumba za mbele, zinazotazama bahari na Manda, hupigwa na jua tangu linapochomoza. Rangi ya unga hupauka juani. Vanishi ya jahazi ina dawa ya kupunguza makali ya mionzi, na mikono mitano au sita huchelewesha kupauka. Huchelewesha tu. Huko nje tumia rangi ya chembechembe, au acha msaji ubaki na rangi yake.

Halafu vanishi ya mafuta ina umanjano wake. Nyekundu huitikia vizuri, inakuwa kama kahawa ya tangawizi. Buluu hugeuka kijani, na hakuna anayekuamini ulipaka buluu. Kwa buluu na kijivu tumia poliurethani ya maji isiyo na rangi kabisa, juu ya shelaki nyembamba iliyotolewa nta, kama kitambaa cha spiriti kilitoka safi.

Na mlango wa kale wa nakshi si mahali pa kujaribia lolote kati ya haya. Mji wa Kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001. Kipande cha jaribio hupatikana kwenye mabaki ya karakana.

Jambo moja la usalama, maana paa zetu nyingi ni za makuti. Tambara lenye vanishi ya mafuta likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe na laweza kushika moto bila kiberiti. Litandaze nje, moja moja, hadi likakamae, au lizamishe kwenye ndoo ya maji.

Kiti chenyewe

Kiti bado kinaweza kuokolewa, na kazi si ndogo. Laka na shelaki hutoka kwa thina na tambara, nje, penye upepo, glavu mkononi. Wekundu uliozama ndani hautoki kwa msasa labda ule nusu ya mbao. Hutoka kwa dawa ya kufulia ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Inapakwa, inaachwa hadi rangi ipauke, inarudiwa ikibidi, kisha mbao inaoshwa kwa maji matupu mara mbili na kuachwa siku tatu kivulini. Siki wala ndimu visiikaribie dawa hiyo, kwa sababu vikikutana hutoa hewa ya sumu.

Baada ya hapo gramu 15 kwa lita, kupangusa, vitambaa vitatu. Kwa unga ule wa mikeka kitambaa cha tapentaini kilitoka cheupe, basi ni vanishi ya mafuta, mikono mitatu. Kiti kikiwa tayari, usikipeleke barazani kesho yake. Vanishi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja na huiva ndani kwa wiki tatu au nne, na mgongo wa mtu kwenye egemeo lisiloiva huacha alama ya kitambaa kwenye vanishi.

Kabla ya kukirudisha, weka kitambaa cheupe chenye maji ya chumvi kwenye egemeo, juu yake tofali, nusu saa ya adhuhuri.